Ngozi Saba za Mzee Luhende

Watu wanaosubiri chanjo hukaa karibu na ng'ombe wao. Hawa walikuwa wamezunguka rundo la ngozi, na pembeni ya rundo palikuwa na dumu la mafuta ya taa. Daktari Rebeka Shimba aliyaona yote hayo kabla hajazima pikipiki, akasema moyoni: haya, leo ni leo.

"Afande," alimwambia abiria wake bila kugeuka, "lile dumu usiliondolee macho. Ngozi zikichomwa, na mimi nimechomwa."

Koplo Mastura Mbaruku wa kituo cha polisi Misungwi alishuka, akakung'uta vumbi kwenye sare yake. "Wamejaa, daktari. Sijui kama tutatoka hapa salama."

"Wacha wajae. Nilichokifanya hapa nilikifanya mchana, kila mtu akiona. Sina cha kuogopa."

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Rebeka ndiye daktari wa mifugo wa ukanda ule wa ziwa, kutoka Misungwi mjini hadi vijiji vinavyotazama ghuba. Wiki mbili nyuma alichanja kimeta kwa ng'ombe wa nusu ya kijiji cha Ng'wamhela. Wiki hiyohiyo ikasemekana ng'ombe saba wa Mzee Luhende wamekufa, mmoja baada ya mwingine. Uvumi ukavaa viatu: chanjo inaua! Nusu ya pili ya kijiji ikafunga mazizi, na hapo ndipo Rebeka alipokosa usingizi, maana ng'ambo ya ghuba kimeta kilikuwa kimeshaingia. Huko ng'ombe walikuwa wanaanguka damu nyeusi ikiwatoka puani, na baba mmoja aliyewachuna alikuwa amelazwa, kidonda cheusi mkononi. Ng'wamhela wasipochanja, kingevuka, na kingewakuta wako wazi.

Ng'ombe wale saba hawakuwa wakilala kwa Luhende. Mzee alikuwa amemwekesha Yeremia, jirani yake, kama Wasukuma wafanyavyo tangu enzi na enzi. Mwenye ng'ombe wengi humkabidhi mwenzake baadhi awachunge. Mchungaji hunywa maziwa na kuchukua mbolea, lakini ndama ni wa mwenyewe. Ng'ombe akifa, mchungaji haji mikono mitupu kusema kafa. Huleta ngozi, tena ngozi yenye masikio, kwa sababu alama ya mwenye mali iko sikioni. Asipoleta ngozi, ni mwizi, hakuna mjadala. Yeremia alileta ngozi saba.

Kwa siku kadhaa Rebeka alikuwa amekimbizana na wazo moja tu: dawa ya pamba. Wapo wafugaji wanaowaogeshea ng'ombe dawa ya kunyunyizia pamba ili kuua kupe, na ng'ombe hufa wakitoa povu. Alinusa mabomba ya dawa, alichota maji kwenye mabirika, alihoji kila mwenye shamba hadi watu wakachoka kumwona. Hakuambulia kitu. Jana yake ndipo alipouliza ngozi ziko wapi, na kabla hajamaliza kuuliza, mwenyekiti wa kijiji akaitisha mkutano.

Mwenyekiti huyo, Chenge, sasa alisimama mbele ya watu. Alikuwa mtu mnene wa mwili na wa sauti, mwenye ng'ombe wengi kijijini na bucha Kiseke mjini.

"Karibu, daktari," alisema. "Hatukukuita uje kuchanja. Tumekuita useme mbele ya wananchi kwamba dawa yako ilikuwa mbovu, halafu ubebe kisanduku chako uende zako. Hatutaki kesi. Hatutaki fidia. Sema tu."

"Sisemi."

Watu wakaguna. Mama mmoja kutoka nyuma akapaza sauti, "Jeuri hiyo!"

"Binti, usiwe mkaidi," alisema Chenge.

"Ukaidi ni wangu, mwenyekiti, sikumwazima mtu." Rebeka akamgeukia mzee aliyekuwa amekaa kwenye kigoda, fimbo katikati ya magoti. "Shikamoo, Mzee Luhende."

"Marahaba," mzee alijibu shingo upande. Macho yake yalikuwa na ukungu wa mtoto wa jicho, akawa anaielekea sauti tu.

"Na dumu hili ni la nini?"

"La kuchoma ngozi," Chenge aliwahi kujibu. "Si wewe mwenyewe uliyetufundisha kwamba kimeta kinajificha kwenye ngozi miaka na miaka?"

"Nilifundisha, nashukuru ulisikiliza. Sasa niambie, ng'ombe hawa walikufa kwa kimeta?"

"Walikufa kwa chanjo yako!"

"Basi ngozi zinachomwa kwa kosa gani? Chagua moja, mwenyekiti. Kama ni kimeta, mimi sina hatia, ugonjwa uliwahi kuliko mimi. Kama ni chanjo, ngozi hazina ubaya wowote, za kuchoma za nini?"

Mastura akatembea polepole, akalikalia dumu la mafuta kama kigoda cha kwao, akakunja nne. Watu wawili watatu wakacheka, kisha wakajizuia.

"Mzee Luhende," Rebeka alisema, "ngozi ni zako. Naomba ruhusa yako, si ya mwenyekiti."

"Angalia," alisema mzee. "Lakini ukimaliza, utanijibu mimi. Mimi ndiye niliyefiwa."

Rebeka akavaa glovu na barakoa, maana hata ukijua huna kosa, kimeta hakijui. Ngozi zilikuwa zimepakwa chumvi na kukunjwa. Alizifunua moja moja, upande wa nyama ukiwa juu, akazitandaza kwenye jua. Ya kwanza ilikuwa nyeupe. Ya pili nyeupe. Ya nne nayo nyeupe. Aliiinua ile ya saba, akaitazama dhidi ya mwanga, akaishusha.

"Yeremia yuko wapi?"

Yeremia alijitokeza. Mtu mwembamba, kofia mkononi, magoti ya suruali yamefifia.

"Ng'ombe hawa walikufaje?"

"Walianguka tu, daktari. Zizini. Anasimama, anatetemeka, anaanguka."

"Uliwachuna wewe mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Baada ya kufa?"

"Baada ya kufa."

Rebeka akainua ngozi moja ili watu waione. "Nyote hapa mmewahi kuchuna kibudu. Ng'ombe akifa mwenyewe, damu inabaki ndani, inashuka upande aliolalia. Ukimchuna, ngozi inakuwa na mishipa myeusi imetambaa kama mizizi. Sasa mishipa hiyo iko wapi hapa? Ngozi saba, hakuna hata moja yenye doa. Hawa walichinjwa wakiwa hai, wakatoka damu yote."

Minong'ono ikaenda, ikarudi. Wazee wawili wakasogea kutazama. Lakini Chenge alishajipanga.

"Eee, na nani amekataa? Yeremia ameshikwa na woga tu, hajui kuongea mbele ya watu. Aliwaona wanakufa, akawawahi na kisu kabla hawajawa vibudu. Mfugaji gani asingefanya hivyo? Si kweli, Yeremia?"

"Kweli," Yeremia alisema, akitazama chini.

"Haya! Daktari, umemaliza?"

Watu wakapiga makofi. Yule mama wa nyuma akapiga kigelegele cha kejeli. Rebeka alisikia uso unamchoma, akajiona mjinga kwa kulitegemea jambo moja. Mtu mwingine angeachia hapo, angesema basi, yaishe. Lakini alikumbuka wale wa ng'ambo, na hasira ikamrudishia sauti.

"Sijamaliza. Afande, njoo uone shingo hizi."

Mastura aliinuka. Hakuliacha dumu nyuma, alilibeba, akaliweka mguuni pake pale kwenye ngozi. Akainama. Akaitazama ya kwanza, ya pili, ya tatu, hadi ya saba.

"Baba yangu alikuwa mchinjaji Mirongo," alisema kwa sauti ya kutoa ushahidi. "Huu ni mchinjo wa bucha. Kisu kimepita mara moja, chini ya koo, mahali palepale, ngozi zote saba. Tena mchunaji hakutoboa hata sehemu moja. Bwana Yeremia, wewe huchinja hivi?"

"Mimi... nachinja."

"Ng'ombe anatetemeka, anaanguka, wewe umetaharuki, unamwahi na kisu, peke yako, na mkono haukutikisika hata mara moja? Ungekuwa umeajiriwa machinjioni, bwana."

Safari hii hakuna aliyecheka. Chenge akafuta jasho. "Mkono mzuri si kosa la jinai, afande. Sisi tunaongelea chanjo. Daktari alipochanja aliwatoboa masikio, si ndiyo? Basi tazameni masikio! Ng'ombe hawa walichanjwa, wakafa. Mengine ni maneno ya kutupotezea muda."

Rebeka alitaka kumshukuru. Hereni za kutambulisha mifugo zilikuwa bado hazijafika kata ile, naye alikuwa na kawaida yake: kila ng'ombe aliyechanjwa alitobolewa tundu dogo sikio la kulia, kwa koleo, asije akachomwa mara mbili. Hakuwa amelitaja sikio hilo kwa mtu yeyote tangu asubuhi.

"Mzee Luhende, ulipoletewa ngozi hizi, ulikagua nini?"

"Alama yangu. Nilipapasa sikio la kushoto, nikakuta pengo langu. Pengo la babu yangu."

"Na la kulia?"

"La kulia la nini? Alama iko kushoto. Hata baba yangu hakuwahi kupapasa la kulia."

"Ndivyo desturi ilivyo, na Yeremia anajua hivyo, na aliyemtuma anajua hivyo." Akavua glovu, moja, kisha ya pili, akazitupa kwenye kisanduku. Watu wakashtuka. "Nimevua, mmeona? Nazishika kwa mikono mitupu mbele yenu, kwa sababu ng'ombe hawa hawakuwa na ugonjwa wowote. Yeremia, nilichanja siku gani?"

"Jumatatu."

"Ng'ombe wa mwisho alikufa lini?"

"Jumapili. Watu walikuwa wanatoka kanisani."

"Ngozi yake ni ipi?"

Yeremia akasita. Akamtazama Chenge. Chenge akatazama ziwa.

"Ile yenye baka jeupe," Yeremia alisema.

"Wananchi mmesikia. Jumatatu hadi Jumapili ng'ombe huyu alikuwa hai, na tundu sikioni. Sasa naomba mtu aniletee ng'ombe mmoja wa Mzee Luhende aliyechanjwa siku ileile. Yeyote, mtakayemchagua ninyi."

Vijana wakaenda zizini kwa mzee, wakarudi wakimvuta mtamba mwekundu kwa kamba. Rebeka alimshika mzee mkono, akamsogeza taratibu hadi kichwani pa mnyama.

"Macho yako yamechoka, baba, lakini vidole vyako vimepapasa ng'ombe kuliko vya mtu yeyote hapa. Shika sikio la kulia. Papasa tundu. Niambie unasikia nini."

Luhende alipapasa. Mtamba akatikisa kichwa, mzee akamtuliza kwa sauti ya kooni, akapapasa tena. "Ukingo mgumu," alisema. "Kidonda kimekauka, kimefanya gamba. Kinapona."

"Vizuri. Sasa hili." Akaweka mikononi mwake sikio la ngozi yenye baka.

Mzee alipapasa kwa kidole gumba, akazungusha, akarudia. Akaomba nyingine. Rebeka akampa. Akaomba nyingine tena.

"Hakuna ukingo," Luhende alisema. "Ni laini pande zote. Limekatwa kama ngozi ya kiatu." Akainua uso. "Hili lilitobolewa kwenye maiti."

"Maiti haiponi kidonda, baba. Ng'ombe wako hawakupita mbele yangu. Walikuwa wameshachinjwa kabla mimi sijafika hapa na chanjo. Masikio yalitobolewa baadaye, ili mimi nibebeshwe mzigo."

Mtu mmoja akasema "Lo!" kwa sauti ya chini. Kisha Luhende akaita, si kwa ukali, na hapo ndipo ilipouma zaidi.

"Yeremia. Nimekukosea nini?"

Yeremia alipiga magoti. "Hujanikosea, mzee. Ni mimi. Mwenyekiti alisema daktari anakuja kuchanja, ni nafasi nzuri, ng'ombe wakipotea watu watasema chanjo. Lori lake likawachukua usiku wa kuamkia chanjo, likaenda Kiseke. Ngozi zikarudi. Mimi nilitoboa masikio tu, kwa kisu chenye ncha kali."

"Mwongo mkubwa!" Chenge alifoka.

"Alikupa nini?" Mastura aliuliza.

"Aliniahidi mitamba mitatu. Ya kwangu." Akajipiga kifuani. "Tangu utoto nakama ng'ombe za watu! Ndama akizaliwa namfuta mimi, namnywesha mimi, anakua, anaondoka. Watoto wangu wanawapa majina, halafu wanalia. Nilitaka mmoja tu wa kusema huyu ni wangu. Nimekosa, mzee. Sina la kusema."

"Ungeniomba!" mzee alipaza sauti, fimbo ikagonga ardhi. "Mjinga wewe, ungeniomba!"

Chenge alikuwa ameanza kurudi nyuma, taratibu, kama mtu anayetafuta kivuli. Mastura alimfikia bila kukimbia, akamshika kiwiko.

"Huwezi kwenda, mwenyekiti. Gari la kituo linakuja. Na lile bucha lako tutalitembelea leo hii hii."

"Mimi mnanishika mimi?" Sauti ya Chenge ilipanda. "Kwa maneno ya mchunga ng'ombe na kipofu? Rebeka! Napiga simu moja tu. Mwezi huu hauishi utakuwa umehamishwa, uende ukachanje kuku huko usikojulikana!"

"Piga," Rebeka alisema. "Piga hata mbili. Wakinihamisha nitakwenda, na huko nako nitachanja. Lakini leo mimi ndiye daktari wa Ng'wamhela, na sitatoka hapa na dawa niliyokuja nayo." Akafungua kisanduku, barafu ikatoa moshi. Akajaza bomba la sindano, akaliinua. "Mmeniita muuaji wiki mbili. Sidai samahani ya mtu. Nataka ng'ombe. Nani anaanza?"

Hakuna aliyesogea. Watu waliangalia miguu yao, wakaangalia mlango wa zizi la jirani, wakaangaliana. Yule mama aliyepiga kigelegele alikuwa anakuna shingo. Aibu nayo ina uzito wake. Rebeka alihesabu kimoyomoyo na kuanza kuogopa, kwa mara ya kwanza siku ile, kwamba ameshinda kesi na ameshindwa kazi.

Luhende akakohoa.

"Mimi nina ndama," alisema.

"Si wako wote walichanjwa, mzee?"

"Wakubwa. Ndama niliwaficha nyuma ya ua wa minyaa siku ile." Akainua kidevu, hakuomba radhi. "Nilikuwa sikuamini. Wapo wengi tu."

Mtu akacheka, mwingine akacheka, kisha mtu wa tatu akasema hata yeye ana fahali wawili kawafungia jikoni, na yule mama akasema wake wako kwa dada yake, waende wakawachukue sasa hivi au baadaye? Sasa hivi, alijibu Rebeka, baadaye ya nini! Watu wakaanza kutawanyika mbio kuelekea mazizini.

"Yeremia!" Luhende aliita. "Inuka hapo. Kawatoe ndama."

"Mzee, huyo ni mtuhumiwa," Mastura alisema, bado ameshika kiwiko cha Chenge.

"Najua. Nitamshtaki mimi mwenyewe, na wewe utamchukua gari lako likifika. Lakini ndama hao walizaliwa zizini kwake, wanamjua yeye. Mtu mwingine akiwashika watavunjika miguu. Mwache amalize kazi yake."

Mastura alimtazama Rebeka. Rebeka akaitikia kwa kichwa.

Yeremia akaenda nyuma ya minyaa, akarudi na ndama wa kwanza, mweusi, mwenye miguu mirefu isiyojua pa kukanyaga. Alimkumbatia shingoni, magoti yake mawili mavumbini, machozi yakimshuka bila mkono wa kuyafuta, akawa anamwita ndama taratibu, kwa Kisukuma, kwa jina ambalo watoto wake walikuwa wamempa.

"Mshike vizuri," Rebeka alimwambia.

Yeremia akamshika.